Ushungi wa Walii

Magarama, Gitega
4 Juni 2000

Kaka Husni,

Barua hii inakuja na Bahati, yule Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala, kwa hiyo ikinuka samaki usinilaumu mimi. Sisi ni wazima. Nimetoka shule, na sasa nakaa nyumbani nikichemsha chai ya wateja wa kibanda cha video cha Baba. Nimesoma miaka yote hiyo ili nije kuosha vikombe.

Habari kubwa ni ya dada yetu Salima. Anaolewa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane na Uthmani, mtoto wa muuza vitambaa. Anataka vitu viwili tu: umshonee nguo, na uje uimbe nyuma ya pazia la wanawake kama ulivyoimba zamani katika harusi zote za Magarama, umejifunga kanga ya marehemu Mama, na sauti ile iliyowaliza mabibi harusi. Alimwambia Baba. Baba hakugomba. Alisema, "Nguo sawa. Yule wa Muyinga asikanyage hapa." Tangu siku ile alipolifungua pazia mbele ya wanaume na kukuburuta nje na wanja wako machoni, hajalitaja jina lako hata mara moja. Wewe ni "yule wa Muyinga", kama ugonjwa uliosikika huko ambao Mungu amejalia haujafika kwetu.

Lakini nimepata dawa. Imekuja kaseti kutoka Bujumbura, karatasi yake imelowa mvua, haina jina. Ni kichekesho. Wanaume wawili wanaoimba kwenye kumbi huku wamevaa magauni na nywele za bandia wananunua gari bovu la mkate na kusafiri nchi ya milima, kwenda kwenye sherehe ya baba wa yule mdogo, ambaye alimfukuza siku nyingi. Kila wanapofika wanatupiwa mawe, na kila wanapoondoka watu wanawapungia mkono. Mwisho kijana anabisha hodi kwa baba yake, bado amevaa gauni. Mzee anafungua mlango, anamtazama, anasema, "Ingia. Chakula kimepoa tukikungoja." Husni, nililia ndani ya birika la chai.

Nililia peke yangu, kwa sababu filamu iko kwa Kifaransa na mtafsiri wa Baba ni Saidi. Unamkumbuka Saidi. Anashika mikro, kipaza sauti cha kibanda, kana kwamba ni fimbo ya mfalme, na Kifaransa anachojua kinaishia "bonjour". Anatazama picha na kutunga. Aliwaambia watu kwamba wale ni wezi waliojifanya wanawake ili wakwepe polisi. Mzee alipofungua mlango, Saidi alinguruma, "Toka hapa, hanithi mkubwa! Mi sina mtoto!" Kibanda kizima kilipiga makofi. Wanaume wazima, wengine wana wajukuu, walisimama juu ya benchi kumshangilia mzee ambaye hakusema hivyo. Na Baba alikuwa mlangoni, kashika kamba ya jenereta, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nitamwambia ukweli. Akijua yule mzee alisema nini, moyo wake utafunguka. Wewe anza kushona.

Mdogo wako,
Shakila


Muyinga
15 Juni 2000

Shakila mdogo wangu,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakuonea huruma.

Chakula kimepoa! Hawa watu wa filamu wana akili fupi sana. Mtoto anafukuzwa, anapotea miaka, kisha anakuja na gauni na mzee anamwekea sahani. Saa mbili zimeisha, watu waende nyumbani wakalale. Nani alimfukuza basi? Filamu kama hiyo imetengenezwa na mtu ambaye baba yake hakuwahi kumfukuza, kwa ajili ya watu wanaotaka kujiona wema bila kuinuka kwenye kiti.

Tena njia yao! Gari linaharibika wanacheza, wanatupiwa mawe wanaimba. Na wapande gari la Bahati kutoka hapa hadi Karuzi uone kama watapata wimbo. Kwenye njia yetu, na vita hii, unasimamishwa kila penye mti ulioangushwa, na anayekusimamisha hataki kujua umevaa nini, anataka kujua baba yako ni nani.

Saidi ni mjinga, lakini nitakuambia jambo litakaloniuma kuliko wewe. Saidi amemtafsiri vizuri. Si yule mzee wa filamu. Amemtafsiri Baba.

Nguo ya Salima nimeanza. Ni satini nyeupe, mikono mirefu, na shanga ndogo shingoni ambazo nazishona moja moja. Mama mdogo Zaituni, ambaye nakaa kwake, ananitazama na kusema nitapofuka. Kuimba, mwambie Salima asubiri. Mimi siji mahali ambapo nitaburutwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilitosha kwa ukoo mzima.

Usimwambie Baba chochote kuhusu filamu. Utajifedhehesha bure.

Kaka yako,
Husni


Magarama
8 Julai 2000

Kaka Husni,

Sikukusikiliza. Nilimwambia.

Nilimngoja amalize kula. Nikasema, "Baba, yule mzee wa kwenye kaseti, Saidi alimtafsiri vibaya." Akasema, "Mzee gani?" Unajua aibu yangu. Nilibaki nakunja kitambaa cha meza. Saidi alikuwa pale, kama kawaida anafika pilau inapofika, akadakia: "Mtoto amesoma shule ya masista, sasa anataka kututafsiria hadi Kurani." Wakacheka. Baba alicheka mpaka akakohoa. Nikaondoa sahani.

Kwa hiyo furahi, ulisema kweli.

Sasa kuna jambo jipya. Jenereta imekufa katikati ya mapigano ya kung-fu, na watu wakataka warudishiwe hata pesa za chai waliyokunywa. Kipuri hakipatikani hapa, ila Muyinga, kwa wale wanaovusha vitu kutoka Tanzania. Baba hataki harusi ya binti yake ifanywe gizani kama mazishi, kwa hiyo anakuja mwenyewe kesho na Bahati. Atalala kwa Mama mdogo Zaituni, maana hana mahali pengine. Ndiyo, kwenye nyumba hiyohiyo unayoshonea.

Tafadhali kaka, uwe na adabu. Usipake wanja. Mpe chai. Labda akiona unavyotunza nguo ya Salima. Najua utanicheka.

Shakila


Muyinga
24 Julai 2000

Shakila,

Barua hii nampa mama mmoja muuza mafuta ya mawese, kwa sababu Bahati hatembei. Wiki iliyopita lori la chumvi lilisimamishwa mbele ya Karuzi. Wanaume wote walishushwa. Wanawake waliambiwa waendelee na safari. Lori lilifika Gitega likiendeshwa na mke wa dereva. Wanaume hawajaonekana. Nani aliwashusha hakuna anayesema, na anayesema anasema kwa kunong'ona jina ambalo jirani yake analibadilisha.

Baba amekwama hapa. Kipuri amekipata, njia hana.

Unataka kujua tunavyoishi. Anakaa kwenye kigoda uani, ananipa mgongo. Chai nilimpa. Alimwambia Mama mdogo, "Mwambie fundi sukari imezidi." Mimi nilikuwa umbali wa mkono. Mama mdogo akanigeukia akasema, "Fundi, sukari imezidi," nami nikamwambia, "Mwambie mteja nitapunguza." Ndivyo tunavyozungumza, kwa mtafsiri, kama kibandani kwenu. Mama mdogo anafanya kazi nzuri kuliko Saidi.

Jana alianza kuhesabu siku za harusi kwa vidole. Shehe wenu wa Gitega anataka walii akae mwenyewe mbele ya bwana harusi, amshike mkono, amwozeshe binti yake kwa kinywa chake. Mama mdogo akamwambia, "Shemeji, usipofika, anayekufuata kwa sheria ni kaka wa bibi harusi. Husni ndiye walii." Baba alivikunja vile vidole. Halafu akasema, bila kugeuka, maneno ambayo nitakufa nayo: "Afadhali mimi nivae baibui kuliko yule kukaa mahali pa walii."

Mama mdogo akatazama nguo zangu ukutani, akanitazama mimi.

Sisemi zaidi. Nguo ya Salima imekwisha. Kwa njia moja au nyingine walii atafika.

Husni


Magarama
9 Agosti 2000

Husni,

Siandiki "kaka" leo.

Harusi imefanyika, alhamdulillahi. Baba alifika siku moja kabla, kwa miguu kutoka mwisho wa mtaa, vumbi mpaka kwenye nyusi, kipuri begani na nguo ya Salima kifuani imefungwa vizuri ndani ya gazeti. Magarama nzima ilitoka nje. Macho yake yalikuwa mekundu na yamezungukwa na weusi; alisema ni moshi wa dizeli. Jioni hiyohiyo mbele ya shehe alisimulia jinsi walivyosimamishwa mbele ya Karuzi, na jinsi alivyosimama mbele ya mitutu ya bunduki akasema, "Mimi ni mzazi, naenda kumwozesha mwanangu. Mkitaka kuniua, niueni nikiwa walii." Wakampisha. Saidi alilia. Sasa wanamwita "Simba wa Karuzi", na watu wanakuja kunywa chai ili wamtazame tu.

Salima alikuwa kama mwezi. Wanawake waligusa zile shanga na kuuliza nani kashona. Baba alijibu, "Fundi mmoja wa Muyinga."

Na wewe? Pazia lilifungwa. Salima alilitazama mpaka mwisho. Nyuma yake waliweka redio, ikatafuna kaseti, na wanawake wakakaa kimya wakila. Uliniandikia kwamba walii atafika kwa njia moja au nyingine. Nilidhani ni wewe unakuja! Nilikaa barabarani siku mbili. Mzee mwenye kikohozi amethubutu kupita njia hiyo, na wewe kijana umekaa umefunga mlango, unaogopa. Ulizicheka filamu zangu. Wale wanaume wa filamu, pamoja na ujinga wao, walipanda gari.

Nilidhani wewe ni jasiri ambaye watu hawakumwelewa. Kumbe ni mwoga tu, tena mwenye maneno mengi.

Shakila


Muyinga
20 Agosti 2000

Shakila,

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Nilimwapia Baba, mkono juu ya msahafu wa Mama mdogo. Lakini neno "mwoga" sikuliapia.

Simba wa Karuzi nilimvisha mimi.

Ilianza asubuhi. Mama mdogo aliliweka baibui lake kubwa juu ya kitanda, hakusema neno. Baba aliuzunguka mlango kama jogoo anayezunguka chungu. Mwishowe akaingia, akasema, kwa mara ya kwanza bila mtafsiri: "Fanya haraka."

Nilimwambia anyoe ndevu. Akakataa. "Walii hawezi kukaa mbele ya watu na kidevu cha mtoto." Basi nikazikunja chini ya kidevu, nikafunga ushungi juu yake, nikavuta kwa nguvu zangu zote mpaka zikalala. Juu yake nikaweka nikabu. Yakabaki macho, na macho ya Baba, unayajua, ni ya mtu anayedai kitu. Nikampaka wanja. Uso ule sikuwahi kuugusa tangu nikiwa mtoto. Alifumba macho. Huo ndio moshi wa dizeli uliouona.

Mimi nilivaa nguo zangu za kike. Sikuhitaji kujifanya.

Bahati alipotuona alishika tumbo. "Mama mukubwa, ingia mbele! Leo muko muzuri sana. Mungenipa muchumba kama nyinyi, ningeacha samaki." Baba akasema kwa sauti yake nene, "Endesha gari." Bahati akasema, "Aa, mama, na hiyo sauti tutakufa sisi wote. Munyamaze mpaka Gitega." Ndiyo siku pekee ambayo Baba ameamriwa kunyamaza akanyamaza.

Njiani nilimfundisha kukaa. Alikuwa amekaa kama mtu anayengoja supu.

"Funga magoti, Baba."

"Usiniambie habari ya magoti."

"Basi watakuambia wao."

Akafunga.

Kizuizi kilikuwa mahali palepale pa lori la chumvi. Mbele yetu kulikuwa na kamioneti, gari dogo lililobeba viazi. Wanaume wake wawili walikuwa wameketi kando ya barabara, mikono kichwani. Kijana mmoja mwenye bunduki akaja dirishani kwetu, akatazama karatasi za Bahati za Kongo, akamrudishia; Mkongomani hawakumtaka. Akanitazama, akatabasamu. Hilo nilijua kulishughulikia. Halafu akashusha macho, akaona miguu ya Baba.

"Huyu mama ana miguu ya mwanajeshi."

"Ni mama mkwe wangu," nikasema. "Amelima mihogo Gishubi tangu ujana wake. Ulidhani mihogo inajilima?"

"Mbona hasemi?"

"Koo limeoza. Tunampeleka hospitali kwa masista wa Mutoyi. Ukitaka nimfunue uone, lakini dereva aliliona asubuhi na mpaka sasa hajala."

Bahati akatema mate nje ya dirisha, Mungu ambariki. Baba akakohoa, na kile kikohozi chake unakijua. Kijana akarudi nyuma hatua moja.

"Na wewe umeolewa?"

"Nimeolewa na mtu mwembamba mwenye wivu. Hana bunduki kama wewe, lakini ana mama huyu, na huyu anatosha."

Akacheka. Wenzake wakacheka. Wakauinua mti. Nilikuwa natafuta sauti ile ya nyuma ya pazia, ile Baba aliyoionea aibu, na iliniitikia kila nilipoiita. Baba alikuwa ameushika mkono wangu chini ya baibui. Aliubana mpaka nikadhani umevunjika. Hakuuachia mpaka mlima wa pili.

Niliporudi na Bahati njia ileile baadaye, kando ya barabara tuliviona viatu vya wale wawili wa viazi. Viatu tu. Kumbuka hilo unapomsikia Saidi akilia.

Sasa sikia mwisho wa filamu yetu. Tulipofika mwanzo wa Magarama, Baba alimwambia Bahati asimame nyuma ya mashine ya kusaga. Akavua baibui, akavua nikabu, ushungi ukamshinda, nikamfungua mimi. Akajifuta macho kwa kanzu yake. Akachukua kipuri, akaichukua nguo ya Salima mapajani mwangu. Akasema, "Rudi na gari hilihili. Na uape tena." Nikaapa tena. Nilikuwa nasikia ngoma za hina kutoka kwenu. Niliona hata bati la nyumba.

Kwenye filamu yako walifika mpaka mlangoni. Mimi niliishia kwenye mashine ya kusaga.

Usimwambie Salima. Usimwambie mtu. Na usiniandikie habari za chakula kilichopoa.

Husni


Magarama
14 Septemba 2000

Kaka yangu,

Barua yako ilinifikia nikiwa nakoroga chai, nikakaa chini palepale jikoni. Neno nililokuita siwezi kulirudisha. Siku mbili zile barabarani nilikuwa nimekaa upande wa duka la Kadidja. Ningekaa upande wa mashine ya kusaga, ningekuona.

Unajua mimi ni mtu wa aibu. Nikisalimiwa na watu watatu kwa pamoja najibu mmoja. Lakini tangu barua yako, kila Baba anapokaa kwenye kiti chake na wateja wakasema, "Simba, hebu tuambie tena," na yeye akaanza, "Mitutu ilikuwa hapa, kifuani," mimi naondoa vikombe na kumtazama kidevu. Hadithi inakua. Sasa wenye bunduki wanamwomba dua. Nimemdharau baba yangu, Husni, na dharau hiyo imenifanya nisiogope. Sikujua kwamba inaweza kufanya hivyo.

Juzi Saidi alihama, ameenda Bujumbura kutafuta kibanda kikubwa kitakachofaa kipaji chake. Na wateja walikuwa wameomba ile kaseti ya wezi wa magauni, maana ndiyo inayochekesha. Baba akahangaika, kisha akaniambia, "We si umesoma Kifaransa? Shika mikro." Nikasema siwezi mbele ya watu. Akasema, "Basi jifiche huko, mradi sauti itoke." Nikaomba pazia. Akanipa lilelile la harusi.

Kwa hiyo nilikaa nyuma ya pazia, mchana, mikro ikinuka mate ya Saidi. Sasa najua kwa nini ulipapenda hapo. Hakuna anayekuona, na kila mtu yuko mkononi mwako.

Nilitafsiri kila neno. Nilisema wale si wezi, ni waimbaji, na yule mdogo anaenda kwa baba yake. Wakapiga kelele, "Saidi alisema ni wezi!" Nikasema kwenye mikro, "Saidi hajui Kifaransa." Kibanda kilipasuka kwa kicheko, maana kumbe kila mtu alijua. Baada ya hapo waliniachia. Walicheka penye kichekesho. Wengine walitukana, na mmoja alitoka akitema mate. Penye mawe kicheko kilipungua. Juma muuza baiskeli alisema, "Sasa wanawapigia nini?"

Ikafika kwenye mlango. Nilichungulia kupitia tundu la pazia: Baba amesimama pembeni, kamba ya jenereta mkononi. Mzee wa filamu akafungua. Nikasema, "Ingia. Chakula kimepoa tukikungoja."

Ningeishia hapo. Ndipo yalipoishia maneno ya filamu. Lakini wale wawili walibaki wanatazamana mlangoni, muziki ukipigwa, midomo imefungwa, na mikro ilikuwa bado inanguruma mkononi mwangu. Nikafanya dhambi ya Saidi. Nikasema, kwa sauti ya yule mzee:

"Ulinifunga ushungi. Ulinipaka wanja. Ulinivusha nikiwa hai, nami nikakushusha kwenye mashine ya kusaga."

Juma akasema, "Ushungi gani tena? Mzungu anajua ushungi?" Mwingine akasema, "Labda wana Waislamu huko." Wakacheka. Wote walicheka, isipokuwa mmoja.

Niliona mkono wa Baba unapanda mpaka kidevuni na kukaa hapo. Nikangoja azime jenereta, giza liingie. Hakuizima. Aliacha majina yote yapite, majina ya watu ambao hakuna anayewajua, mpaka kioo kikawa cha buluu. Kisha akawaambia watu, "Imekwisha. Tokeni."

Wakatoka. Alikuja akasimama upande wa pili wa pazia. Hakulifungua.

"Hayo ya mwisho yule mzee hakuyasema."

"Hakuyasema, Baba."

"Umeongeza."

"Saidi ameongeza miaka yote, ukamlipa."

Nilimsikia anapumua na kile kikohozi chake. Nilidhani sasa nitaburutwa mimi. Halafu akasema, kwa uchungu wake uleule, kama mtu anayerudisha suruali kwa fundi:

"Mwandikie Husni. Mwambie ushungi ulinibana."

Akaenda kufunika jenereta.

Hayo tu, kaka. Hakushukuru, hakuomba radhi. Kesho yake wateja walipomwambia, "Simba, tuambie," alisema koo linamuuma. Amevushwa mautini, na neno lake la kwanza ni kulalamikia kazi. Namdharau bado. Lakini alisema Husni. Nilirudia jina hilo nyuma ya pazia, taratibu, kuhakikisha kwamba si mimi niliyeongeza.

Salima anajua. Nilimwambia, nisamehe. Anatarajia mtoto, na ameanza kumuuliza Baba nani ataimba siku ya kumpa jina. Baba hajajibu hapana.

Mdogo wako asiyestahili,
Shakila


Muyinga
23 Septemba 2000

Shakila,

Nimecheka mpaka Mama mdogo akaja kuona. Kisha nilikaa kwenye cherehani na sikushona kitu.

Usidhani nimelainika. Mtu anabana mkono wangu mlima mzima, halafu analalamika shingo. Filamu yako ilikuwa na mzee mwenye haya kuliko huyu.

Lakini kazi yangu haisemwi vibaya. Mpelekee jibu langu lilivyo, usitafsiri, usiongeze neno: ushungi haukumbana, zilimbana ndevu. Safari ijayo anyoe, nami nitamfunga upya, kwa mkono uleule.

Husni